Mstari wa Kumi na Saba

Sheria ile niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Jina lisilorudiwa halilipwi. Niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadibodi, nikaibandika ukutani juu ya redio ya upepo, katika chumba kidogo nyuma ya mizani ya kiwanda chetu cha minofu hapa Mwanza. Kila mgeni aliyeingia mle nilimwonyesha, kama watu wanavyoonyesha picha zao za harusi.

Nilikuwa na haki ya kujivuna. Mwaka ule wa 1995 viwanda vya sangara vilikuwa vimeota ufukweni, vyote vinagombea samaki walewale, na wavuvi wa visiwani walimwuzia yule anayelipa haraka. Sisi tulipeleka fedha Ukerewe kwa boti, zimefichwa ndani ya debe la mafuta ya kula. Mara mbili debe lilichukuliwa na watu wenye bunduki, na mara ya pili msindikizaji wetu alirudi amepungukiwa vidole viwili. Baada ya hapo hakuna aliyekubali kupanda ile boti. Mhasibu mkuu, Bwana Gosbert, akaniita na kuniambia, wewe Kemilembe ndiye mtunza fedha, tafuta njia nyingine au tufunge vituo vya kule.

Njia niliipata kwa Nestory. Nestory alikuwa na duka kubwa Nansio, kulekule Ukerewe, anauza sukari, sabuni, nyavu na dizeli, na kila wiki alikuwa na mafungu ya noti anayoogopa kuvuka nayo kuja Mwanza kununua mali. Sisi tunaogopa kupeleka, yeye anaogopa kuleta. Nikamwambia, fedha zako zikae hukohuko, uwalipe wavuvi wetu. Mimi huku nitawalipa wauzaji wako wa jumla wa mtaa wa Rufiji, na nitawalipa kwanza, Alhamisi, kabla wewe hujatoa hata senti. Alicheka sana, akasema kumbe Wahaya mna akili kweli. Tangu siku hiyo hakuna noti yetu iliyovuka maji. Kilichovuka ni orodha tu.

Orodha ndiyo ilikuwa fedha yenyewe. Bwana Gosbert aliisaini, mimi nikaisaini, na kila Ijumaa saa nane mchana niliisoma kwenye redio: namba ya mstari, jina kamili, kiasi. Wakala, ambaye kwa Nansio ni Nestory, alirudia jina mara mbili na kiasi mara moja, kwa sauti ninayoijua. Sauti ndiyo ilikuwa saini yake. Nikiridhika naweka alama ya vema, mvuvi anahesabiwa fedha zake palepale kaunta, tunaenda mstari unaofuata. Kuruka mstari ilikuwa marufuku. Saa tisa kamili tuliachia hewa, maana masafa yale tulipokezana na watu wa pamba, na ambaye hajafikiwa alisubiri Ijumaa nyingine.

Utasema nilikuwa mkali mno. Nilikuwa na sababu. Mwanzoni nilikubali warudie namba peke yake, na wakala wa kisiwa kingine, ambacho sikitaji, akamlipa binamu yake fedha za mtu mwingine, halafu akaniapia kwamba yeye alisikia namba tu, jina halikumfikia. Tulilipa mara mbili. Bwana Gosbert alinikata mshahara wa nusu mwezi. Nilitoka pale nikiwa nimeapa kwamba mtu hatanichezea tena kwa kisingizio cha kutosikia.

Sasa, Jumatatu ya wiki hiyo ninayoisimulia, alikuja kiwandani mvuvi mmoja wa Nansio anaitwa Nkwabi. Mtu mrefu, mpole, kofia mkononi. Alikuwa ameanza kutuuzia samaki miezi miwili tu iliyopita. Aliniamkia, kisha akaniuliza kama Ijumaa jina lake litakuwemo.

"Litakuwemo," nikamwambia. "Laki moja na themanini na sita. Kwani kuna nini?"

Akanieleza. Aliugua mwezi mzima, akaweka injini ya mtumbwi wake rehani kwa mkopeshaji mmoja wa hapa mjini, Yeremia. Yeremia angevuka kwenda Nansio Ijumaa na kurudi na meli ya saa kumi. Fedha zikikosekana, injini inapakiwa melini.

"Ikishavuka sitaiona tena, dada," alisema. "Nina watoto sita na makasia mawili."

Nilimwambia aende zake akalale, maana orodha yangu haijawahi kukosea. Niliyasema maneno hayo kwa mdomo wangu huu.

Ijumaa ilipofika nilikuwa chumbani na Shimba, fundi wetu wa redio, mtu mzima wa Magu, mkimya, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashine inaongea na kazi yangu kuhakikisha inaongea ukweli. Saa nane nikaita Nansio. Ikaitika sauti ya mwanamke.

"Nansio hapa, dada Kemilembe, ni Dorcas. Mume wangu amekwenda msibani, atarudi kesho. Ova."

Dorcas ni mke wa Nestory, ametoka Kamanga. Sauti yake niliijua. Nestory alishamleta kiwandani, nikamkalisha mbele yangu akasoma majina arobaini, nikamkubali awe wakala wa akiba. Wakati ule Nkwabi alikuwa bado hajajiunga nasi. Tukaanza. Dorcas alikuwa msomaji mzuri kuliko mumewe, hasiti, hamezi silabi. Nyuma yake nilisikia wavuvi wakicheka na kuitana. Mstari wa kumi, wa kumi na mbili, wa kumi na sita. Saa nane na dakika ishirini.

"Kumi na saba," nikasoma. "Nkwabi Chenge, shilingi laki moja na themanini na sita elfu. Rudia. Ova."

Mikwaruzo ya redio tu.

"Nansio, mmenipata? Kumi na saba, Nkwabi Chenge, laki moja na themanini na sita elfu. Ova."

"Nimekupata, dada. Kumi na saba ipo. Laki moja na themanini na sita elfu. Ova."

"Jina."

"Ipo, dada. Nimeiandika."

"Sijakuuliza kama umeiandika. Taja jina, mara mbili. Ova."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, na mtu akikohoa kikohozi cha kizee karibu na kinasa sauti.

"Dada, tunaweza kwenda ya kumi na nane, halafu hii turudi? Ova."

Hapo ndipo damu iliponipanda. Haya ndiyo maneno aliyotumia yule wakala mwizi siku aliyodai jina halikumfikia: twende mbele, tutarudi. Nilimtazama Shimba. Shimba alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza.

"Haturuki mstari," nikasema. "Unaijua sheria. Ova."

"Naijua. Basi mwenye fedha yuko hapa mbele yangu. Aseme mwenyewe? Ova."

Kabla sijajibu nikasikia sauti nzito ya Nkwabi. "Dada, ni mimi niliyekuja Jumatatu. Nipo hapa."

Niliijua ile sauti. Nasema leo, niliijua kabisa, ningeweza kuweka alama ya vema na mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Mlipwaji hawezi kujithibitishia malipo. Anayethibitisha ni wakala, kwa sababu wakala ndiye atakayedaiwa. Nikamwambia Nkwabi aondoke kwenye redio, na Dorcas arudi.

"Dorcas, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kwa nini hutaki kulitaja jina la huyu mtu? Ova."

Aliposema safari hii alishusha sauti, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ukuta.

"Dada, hapa nimekaa na baba. Baba wa hapa nyumbani. Yupo ameketi hapa. Ova."

Ningekuwa mtu wa kutulia ningejiuliza kwa nini mwanamke mwenye akili timamu ananieleza nani ameketi wapi. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: mzee amekaa juu ya fedha. Nikajenga hadithi nzima kichwani kwa sekunde tatu. Mwana hayupo, mzee ameona nafasi, ameiona hiyo laki na themanini, na binti anaogopa kumkatalia.

"Dada," Shimba akasema pembeni yangu, "hebu muulize huyo baba yake mkwe anaitwa..."

Nikamwinulia mkono anyamaze. Alinyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa bosi wa chumba kile.

"Sikiliza, Dorcas," nikasema, na niliongea kwa ukali ili na huyo mzee asikie. "Huyo baba wa nyumbani anataka nini na fedha za mvuvi? Kama mnataka kulipana ndani ya nyumba, semeni. Orodha nimeisimamisha. Mpaka jina litajwe, halipwi mtu. Ova."

Sauti yangu ilitokea kwenye spika dukani Nansio, mbele ya wavuvi ishirini na sita ambao walikuwa bado hawajalipwa. Redio ya upepo haina faragha. Ninachokisema mimi kinasikika Nansio, kinasikika kwa watu wa pamba, kinasikika kwa yeyote aliyefungua masafa yale ufukwe mzima.

Kilichofuata nilikisikia vipandevipande, kila Dorcas alipobonyeza kitufe. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtu alisema, fedha zetu ziko wapi. Mwingine akasema, toeni hizo za dukani, sisi hatuna ugomvi wa redio. Kitu kilianguka, nadhani mizani ya sukari. Dorcas aliniita, "Mwanza, Mwanza," nami nikajibu, "Jina," akaachia kitufe. Akaniita tena. Nikajibu vilevile. Saa nane na dakika arobaini. Saa nane na dakika arobaini na tano. Betri yao ya gari ilianza kuchoka, sauti ikawa inakuja na kuzama.

Nilimwona Nkwabi kichwani na kofia yake mkononi, na ile injini kwenye gati la Nansio. Nilijua kila dakika ninayoing'ang'ania inatoka kwake. Lakini nikishaacha sheria leo, kesho nani ataifuata? Nilijiambia hivyo. Sasa najua kwamba kwa sehemu kubwa niliogopa tu kushindwa na mwanamke wa dukani, watu wa pamba wakisikiliza.

Saa tisa kasoro dakika saba, kitufe kikabonyezwa Nansio kikabaki kimebonyezwa. Nikasikia duka zima linavyopumua. Dorcas akasema, polepole, kwa sauti safi kama aliyoisomea majina arobaini mbele yangu:

"Kumi na saba. Nkwabi Chenge. Nkwabi Chenge. Laki moja na themanini na sita elfu."

Hakusema ova. Halafu kiti kikaburuzwa, na fimbo ikagonga sakafu ya saruji, hatua moja, hatua nyingine, ikienda mbali na kinasa sauti, mpaka nje. Kisha nikasikia noti zikihesabiwa haraka, na miguu ya mtu anayekimbia.

"Vema," nikasema, na kuweka alama.

"Tuendelee na kumi na nane," Dorcas akajibu. "Ova."

Sauti ilikuwa ileile, ila mwishoni ilikatika kidogo. Muda wetu ulikuwa unaisha. Kabla sijaomba, ikaingia sauti ya mwanamume wa pamba, akasema tu, "Nansio endeleeni, sisi tutasubiri." Alisema Nansio. Hakusema Mwanza. Tukasoma mistari ishirini na mitano iliyobaki bila neno moja la ziada.

Nilipozima redio, Shimba alikuwa anakunja waya taratibu, hanitazami.

"Yule mzee anaitwa Nkwabi," akasema.

"Mzee gani?"

"Baba yake Nestory. Namfahamu, tunatoka upande mmoja. Anaitwa Nkwabi. Kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hata kama ni la mtu mwingine. Hata kama mzee yuko safarini. Na leo alikuwa ameketi palepale."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia, nikaukumbuka mkono wangu.

Na lililonichoma zaidi ni kwamba mambo hayo niliyajua. Nimelelewa nayo. Kwetu, nikiwa mdogo, siku za malipo ya kahawa karani alisimama na karatasi na kuita majina ya wakulima. Akifika kwenye jina la babu, ambaye ni baba mkwe wa mama, mama alikuwa ananisukuma bega nijibu mimi, kisha ananishika mkono tunakwenda mezani. Hakuwahi hata kulisogelea lile jina. Karani alijua, kijiji kizima kilijua, na fedha zililipwa. Nilisoma shule nzuri, nikaja mjini, nikatunga sheria ambayo mama yangu mwenyewe asingeweza kulipwa nayo.

Jumatatu Bwana Gosbert alinisifu mbele ya wafanyakazi. Alisema amesikia nilivyosimamisha orodha bila kuogopa, na kwamba hivyo ndivyo biashara huria inavyotaka. Watu wakapiga makofi. Shimba alikuwa ametoka kwenda kuangalia jenereta.

Jumatano Nestory akaja kuchukua hati za wauzaji wake. Nilimwambia yote kabla hajakaa. Alinisikiliza akizungusha funguo zake kidoleni.

"Yule mvuvi aliwahi," akasema. "Injini walikuwa wameshaibeba mabegani, akawakuta gatini. Ameirudisha mtumbwini."

"Na Dorcas?"

"Mzee amehamia kwa mdogo wake. Chakula cha Dorcas hali mpaka mambo yatengenezwe. Baba yake Dorcas amevuka kutoka Kamanga na mbuzi, mzee mwenye miguu mibovu, akasimama nje ya nyumba yangu kuomba radhi kwa ajili ya binti yake. Watu wameona." Akaacha kuzungusha funguo. "Dorcas hajakulalamikia. Alisema nikuambie hesabu zilikuwa sahihi."

Heri angenitukana.

Siku hiyohiyo nilibadilisha utaratibu. Nilimwomba kila mvuvi achague neno lake, lolote, liandikwe kwenye kadi yake na kwenye orodha yangu. Wakala atarudia jina au neno, mojawapo. Nikaongeza kwenye kadibodi, kwa kalamu ileile nyekundu: au neno lake. Jambo lilikuwa jepesi kiasi hicho. Lilinichukua robo saa.

Kisha nikafanya jingine ambalo nililiona la maana sana. Orodha ya Ijumaa ilikuwa na mistari arobaini na miwili. Nikaongeza wa arobaini na tatu: Dorcas, shilingi elfu kumi na tano, bei ya mbuzi mzuri na nauli ya mzee kutoka Kamanga. Fedha zilitoka kwenye mshahara wangu, nikaziweka kwa wauzaji wa Nestory Alhamisi kama utaratibu unavyotaka. Bwana Gosbert alisaini bila kuuliza. Nilifikiri, atalisikia jina lake hewani, watu wote watasikia, na watu wa pamba watasikia. Nilimdhalilisha hewani, nimlipie hewani.

Saa nane nikaita. Nestory akaitika, akasema, "Leo anasoma Dorcas. Ameomba mwenyewe."

Akasoma. Hasiti, hamezi silabi. Tulipofika kumi na saba nikataja jina na kiasi, naye akajibu, "Kumi na saba. Injini. Injini. Elfu tisini na mbili. Ova." Ndilo neno alilochagua Nkwabi. Nikasikia wavuvi wakicheka, kicheko cha kawaida, nikajipa moyo. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili, vema.

"Arobaini na tatu," nikasoma. "Dorcas wa Nestory, shilingi elfu kumi na tano. Rudia. Ova."

Mikwaruzo ya redio. Nikangoja. Shimba aliacha kufanya alichokuwa anafanya.

"Nansio, mmenipata? Arobaini na tatu. Ova."

"Nimekupata vizuri, dada Kemilembe," akasema Dorcas. Hakuwa na hasira hata chembe. "Jina nimelisikia. Silirudii. Ova."

Saa ya ukutani ilikuwa na dakika nne mpaka saa tisa. Nilizingoja zote nne, mkono ukiwa kwenye kitufe, na hakuna aliyeniita. Saa tisa watu wa pamba wakaingia hewani na kuanza kuhesabu marobota yao. Nikachukua kalamu, na kwenye mstari wa arobaini na tatu, mahali pa alama ya vema, nikaandika: haikurudiwa, fedha zirudi kwa mtumaji.